Kamera ya Kuazimana

Vitu vizuri vina tabia ya kumtia mwenye navyo uchoyo. Mtu anaweza kuwa mkarimu wa kila jambo, lakini siku atakayonunua kamera ya maana, ile ya lenzi za kubadilisha, utamwona amegeuka. Manyunyu yakianza anaifungia mkobani. Mtoto akinyoosha mkono anaambiwa hiyo si ya kuchezea. Jirani akiiomba kwa ajili ya harusi ya mwanawe, mwenyewe atakubali kushinda juani akipiga picha bure kuliko kuiacha imtoke mkononi. Hana roho mbaya. Kitu chenyewe hakistahimili mikono mingi, naye analijua hilo kuliko sisi.

Mimi natumia kamera ya namna nyingine: ndogo, ngumu, isiyoingia maji. Ni Olympus Tough TG-6, iliyotoka mwaka 2019, na pamoja na betri na kadi yake haifiki gramu 260. Watengenezaji wanasema inastahimili maji hadi kina cha mita 15, inaweza kuanguka kutoka mita 2.1, kubanwa na uzito wa kilo 100, na kufanya kazi kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Hilo la baridi sisi wa Unguja tunaliamini tu kama tunavyoamini habari nyingine za mbali. Mengine sina ugomvi nayo. Nimekaa nayo muda wa kutosha kuyajua mazuri yake na mapungufu yake, na ninaloweza kulisema kwa uhakika kabisa juu yake halihusu picha. Ni kwamba kamera hii inaazimika.

Sifa hiyo haimo kwenye matangazo, wala hakuna anayeiulizia dukani. Watu huuliza inapiga picha nzuri kiasi gani, inavuta mbali kiasi gani, betri inakaa saa ngapi. Sijawahi kumsikia mnunuzi akiuliza: nikiwapa watu wangu, itarudi nzima?

Katika Kurani iko sura ya 107, Al-Maun, ambayo watoto wa chuoni huihifadhi mapema kwa ufupi wake. Inawakemea wanaoswali kwa kujionyesha huku wakiwanyima wenzao vitu vidogo vya kusaidiana. Baadhi ya wafasiri wa mwanzo walipovitaja vitu hivyo hawakutaja dhahabu wala ngamia. Walitaja chungu, ndoo na shoka. Nimeifikiria sana orodha hiyo. Ni vitu ambavyo kila nyumba ina siku ya kuvihitaji, havipungui kwa kutumiwa na jirani, na juu ya yote ni vigumu. Anayekunyima ndoo hana kisingizio kingine isipokuwa kwamba hataki. Anayekunyima simu yake anacho kisingizio, tena cha haki.

Na simu ndiyo inayotajwa kila mara. Naulizwa kwa nini nihangaike na kamera wakati simu nayo siku hizi haiingii maji. Ni kweli, simu za bei ya juu zina alama ya IP68, kipimo cha kimataifa cha kuzuia vumbi na maji, na baadhi ya iPhone hutangazwa kustahimili kina cha mita 6 kwa nusu saa. Lakini kipimo hicho hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, yaliyotulia, na dhamana ya kawaida haigharamii simu iliyoingia maji. Kioo nacho kikishalowa hakipambanui tena kidole cha mtu na tone la maji. Unagusa hapa, kinafunguka pale.

Tuseme hayo yote yangetengenezwa. Simu bado haiazimiki. Ndani yake mna pesa zangu, mazungumzo yangu na mume wangu, vipimo vya hospitali vya mama, na sauti za watu waliokwisha kufa ambazo sitaki zifutike. Mtu akiniomba simu nampa ikiwa imefunguliwa ukurasa mmoja, nami nimesimama nyuma ya bega lake nahesabu pumzi. Kamera haina hata kimoja katika hivyo. Ina picha tu, na picha zangu nikitaka naondoka nazo kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, namwachia mwenzangu kamera na kadi tupu.

Ndiyo maana nasikitika kidogo nikitazama hesabu za soko. Chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, CIPA, kilihesabu zaidi ya kamera milioni 120 za kidijitali zilizosafirishwa mwaka 2010. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Zilizofagiwa zaidi ni hizi ndogo. Olympus yenyewe ilikiachilia kitengo chake cha kamera, na tangu 2021 kinafanya kazi kwa jina la OM Digital Solutions. TG-7 ya mwaka 2023, ambayo ni ndugu wa karibu sana wa hii yangu, inauzwa kwa jina la OM System. Watu husema simu imechukua nafasi ya kamera. Kwa upande wa picha nakubali. Lakini zamani kamera ilikuwa ya nyumba, si ya mtu. Mjomba mmoja alikuwa nayo, na ikazunguka maulidi, harusi na mahafali ya ukoo mzima, na kila aliyeichukua alijua zamu yake inaisha lini. Simu haikuirithi kazi hiyo. Sasa kila mtu anapiga picha, na hakuna mwenye kamera ya kutoa.

Ukoo wa kamera ngumu haukuzaliwa kwa ajili ya likizo. Calypso, iliyobuniwa na mhandisi Mbelgiji Jean de Wouters kwa ajili ya wazamiaji wa Jacques Cousteau, ilitengenezwa iingie baharini bila kuvishwa kasha lolote. Nikon ikaichukua mwaka 1963 na kuiuza kwa jina la Nikonos, na ikaendelea na ukoo huo hadi 2001. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Konica ikatoa kamera ya filamu iliyoitwa Genba Kantoku, yaani msimamizi wa eneo la ujenzi. Mimi huyu msimamizi ndiye ninayempenda zaidi. Japani, wajenzi hutakiwa kupiga picha za kila hatua kabla ya kufunikwa kwa zege, ili baadaye ithibitike kwamba nondo ziliwekwa na msingi ulichimbwa inavyopasa. Kwa hiyo ilihitajika kamera ya kukaa kwenye vumbi la saruji na mvua, ya kushikwa na mikono yenye glavu, na isiyo ya mtu mmoja. Yeyote aliye zamu aliichukua.

Wifi yangu analima mwani Jambiani, mashariki ya Unguja. Mwani wa biashara ulianza kulimwa huko na Paje mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na hadi leo wengi wa wakulima ni wanawake. Kazi inafuata maji. Wakati wa bamvua bahari inapokupwa, inarudi nyuma kuelekea kwenye mwamba, nao wanashuka na kamba zao, wanafunga vipande vya mbegu kimoja kimoja, wanapigilia vigingi mchangani, na baada ya wiki sita hivi wanavuna. Kwa saa hizo chache mikono yao haikauki. Kamera ya kawaida haina kazi hapo, isipokuwa ile inayoning'inia shingoni mwa mgeni aliyesimama pembeni.

Na hao wageni wana jambo lao. Pwani ile imejaa hoteli, na mwanamke aliyeinama kwenye maji ya kijani na kanga yake imelowa ni picha inayopendwa sana. Hupigwa bila kuombwa. Wifi alishaacha kukasirika. Akimwona mtu ameinua lenzi anageuka tu, anampa mgongo, anaendelea kufunga mbegu zake. Katika picha hizo zilizotawanyika duniani, nina hakika, migongo ya wanawake wa Jambiani ni mingi kuliko nyuso zao.

Alipoiomba kamera yangu hakuiomba kwa ajili ya hayo. Mwani wake ulikuwa ukipauka na kukatika, na alitaka kumwonyesha afisa wa kilimo kitu ambacho mpaka kifikishwe ofisini huwa kimekwisha kunyauka.

"Wifi, nikiiangusha je?"

"Ianguke."

"Na chumvi?"

"Utaiosha kwa maji ya bomba, mlango wake ukiwa umefungwa. Huo mlango ndio tutakaouzungumza."

Tukauzungumza, na nitarudi kwake. Nilimwonyesha kitufe cha kuwashia na cha kupigia, nikamwekea mtindo wa hadubini, basi. Sikumpa somo la kupanga picha wala la mwanga. Nilirudi mjini, yeye akabaki nayo.

Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Aliyekuletea futari utamrudishia sahani na chochote ulichopika, hata kama ni vipande viwili vya muhogo. Kamera hii nayo hairudi tupu. Iliporudi, niliweka kadi yake kwenye kompyuta nikapitisha picha moja baada ya nyingine, na haikuwamo hata moja ya mtu anayecheka, wala ya bahari ya kijani. Yalikuwamo mafundo. Vigingi, baadhi vikiwa vimeng'oka. Kamba iliyokatwa, pengine na boti, na mkono ulioishika ili mahali pa kukatika paonekane. Mguu wa mtu karibu na chuma cha pweza na kikapu, sijui kwa nini. Kisha, kwa wingi, mwani wenyewe.

Kwa mtindo wa hadubini lenzi inaweza kukikaribia kitu hadi sentimita 1. Katika picha moja tawi la hudhurungi limejaza kioo chote. Upande wa kushoto ngozi yake ni nzima, inang'aa, ina vinundu vya kawaida. Katikati rangi inakatika ghafla, na kuanzia hapo tawi ni jeupe, laini, karibu lipitishe mwanga. Pale mpakani zimesimama nyuzi nyembamba za mwani mwingine, vinyweleo, ambavyo mtu akiwa amesimama kwenye maji ya magoti huviona kuwa ni uchafu tu. Watafiti wanauita ugonjwa huo aisi-aisi kwa weupe wake, na wanauhusisha na mwani kudhoofishwa na joto na mabadiliko ya chumvi. Unaoumia zaidi ni Kappaphycus alvarezii, ambao wakulima wanauita kotonii na ndio wenye bei nzuri. Ule wa bei ndogo unastahimili zaidi. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo makao yake yapo Zanzibar, imefanya utafiti wa mwani kwa miaka mingi. Lakini mtu aliyelijua shamba lile, siku ile, kamba ile, alikuwa wifi, na kwa mara ya kwanza ujuzi wake ulikuwa na umbo la kuonyeshwa mtu mwingine.

Kuna ufundi mmoja aliouvumbua ambao haumo kwenye kitabu cha maelekezo. Kitu kikiwa sentimita 1 mbele ya lenzi, kamera yenyewe inakitia kivuli. Watengenezaji wanauza kiambatisho cha kusambaza taa ya kamera ili kuliondoa tatizo hilo. Yeye alichukua sahani nyeupe ya plastiki, akaitia maji ya bahari, akaweka tawi ndani yake, akaipa jua kwa ubavu. Weupe wa sahani ukairudisha nuru chini ya tawi. Pia ndiye aliyegundua kwamba kamera ina kipima joto; akawa anaiacha majini kidogo, anasoma namba, anaiandika kwenye daftari lake la kilo za mwani. Nilikuwa nikikiona kipima joto hicho kwenye kioo bila kuwaza kwamba kinaweza kuwa na faida kwa mtu. Sijui ningekaa nayo miaka mingapi kabla ya kuwaza hivyo, kwa sababu mimi si mtu ambaye joto la maji linaamua atakula nini mwezi ujao.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya kuazima inapozidi hisani. Tumezoea kuona kwamba anayeazima ndiye anayefaidika na mwenye mali ndiye anayetoa. Hata methali yetu inamwonya muazimaji peke yake: nguo ya kuazima haisitiri matako. Ni onyo zuri kwa mtu anayetaka kujitukuza kwa cha mwenzake. Lakini halina neno kwa mwenye nguo. Mwenye nguo aliyeifungia sandukuni hajui hata yeye inamsitiri nani. Kamera yangu nimeifahamu zaidi kupitia mikono isiyo yangu, na picha zilizomo ndani yake ambazo ningeokoa kwanza nyumba ikishika moto si zangu.

Sasa ule mlango. Ugumu wote unaotangazwa, mita 15 na kilo 100, unasimama juu ya mpira mwembamba uliozunguka mlango wa betri na kadi. Mafundi wa magari wanaujua mpira wa aina hiyo. Wao wanao wa duara, oringi. Kazi yake ni kubanwa kati ya sehemu mbili mpaka pasibaki upenyo. Kwa kila mita 10 za maji ya bahari unaposhuka, shinikizo huongezeka kwa kiasi cha hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo kwenye mita 15 kamera inabanwa mara mbili na nusu ya inavyobanwa juu ya nchi. Mpira ukiwa safi, mbano huo huukaza zaidi. Ukiwa na unywele mmoja au punje ya mchanga juu yake, hakuna haja ya kina: naijua kamera ya nahodha mmoja wa boti za wageni iliyokufa katika maji ya magotini, mchana kweupe, watu wakicheka.

Kwa hiyo somo nililompa wifi lilikuwa moja tu, na nililirudia mpaka akachoka nami. Usifungue mlango pwani. Ukilazimika, kausha mikono kwanza, kisha ukaushe kamera, na uwazi wa mlango uelekee chini ili tone lisidondokee ndani. Kabla ya kufunga, tazama mpira wote kwenye mwanga, uufute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Funga hadi usikie mlio, kisha sukuma komeo. Ukirudi nyumbani, ilaze kwenye ndoo ya maji matamu ikiwa imefungwa, chumvi iyeyuke, kisha uianike kivulini. Jua kali si rafiki yake: kamera iliyopata moto ikitumbukizwa kwenye maji ya baridi hutoa ukungu kwa ndani ya kioo cha lenzi, na hapo utakaa usubiri.

Nimewasikia wauza maduka wakimwambia mteja kwamba kamera hii haiharibiki, tupa ukutani ukitaka. Maneno hayo yanamdhulumu mteja. Kitabu cha maelekezo chenyewe kinashauri mpira ubadilishwe kila mwaka, hata kama unaonekana mzima, na kazi hiyo si ya kila fundi wa simu. Ugumu wa kamera nusu yake imo kiwandani na nusu nyingine imo mikononi mwa aliyeishika. Nusu ya kwanza nimeinunua. Ya pili hainunuliki wala haiazimiki. Inafundishwa, na anayepewa kitu bila kufundishwa amepewa mtego.

Nilijua somo limefika siku niliyomkuta wifi akimwonyesha shoga yake, wote wamekaa kwenye baraza, kamera juu ya kanga kavu. "Mikono kwanza," akamwambia, na alipoona mwenzake anaifutia kwenye gauni lililolowa akamshika kifundo. "Hiyo si kukausha, mwanangu. Hiyo ni kubadilisha maji." Sikuwa nimeambiwa kwamba kamera inaendelea mbele. Sikuuliza. Watu wa zamani waliliita jambo hili amana si kwa sababu kitu hakitoki mkononi mwa aliyekabidhiwa, bali kwa sababu kila kinapofika kinafika na masharti yake.

Sitaki nieleweke kwamba ni kamera nzuri kwa kila kitu. Sensa yake ni ndogo sana, milimita 6 kwa 4 na nusu hivi, wakati kamera za wapiga picha wa magazeti zina ya milimita 36 kwa 24, yaani eneo la karibu mara 30. Maana yake ni kwamba jua likishazama picha zake zinajaa chembechembe, na sura za watu ndani ya nyumba zinakuwa na rangi ya uchovu. Lenzi inafunguka vizuri kwa upana, f/2.0, lakini ukivuta mbali nuru inapungua. Kioo cha mbele hakina mfuniko wake, kinachubuka. Nakipenda kitu kimoja walichokifanya watengenezaji: TG-4 ilikuwa na megapikseli 16, na walipotoa TG-5 mwaka 2017 wakazishusha hadi 12, kwa kuwa sensa ndogo ikijazwa vidoa vingi mno kila kimoja hupata nuru kidogo. Si kawaida kwa muuzaji kukuambia ya mwaka huu ina namba ndogo kuliko ya mwaka jana kwa sababu ni bora hivyo.

Bei nayo si ya ndoo. TG-7 ilipotoka ilikuwa dola 550, fedha ambayo mkulima wa mwani haikusanyi kwa msimu mmoja. Ndiyo hasa sababu ya kusema kwamba kamera hii ni ya kuazimana. Kama ingekuwa ya bei ya sahani, kila mmoja angenunua yake na tusingekuwa na la kujadili.

Na uzuri wa picha si kipimo pekee cha picha. Kisiwani Mafia, nje ya Kilindoni, huonekana papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, na waogeleaji huenda kumtazama hasa kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi. Kila papa potwe ana mpangilio wake wa madoa. Mwaka 2005 Zaven Arzoumanian, Jason Holmberg na Brad Norman walichapisha njia ya kulinganisha madoa hayo kwa kompyuta, wakitumia hesabu iliyotungwa kwa ajili ya wataalamu wa nyota kutambua makundi ya nyota kwenye picha za anga. Kinachohitajika ni picha ya ubavu, nyuma ya matamvua, inayosomeka. Haihitaji kuwa nzuri. Haihitaji kupigwa na mtaalamu. Mgeni anayeogelea kwa mara ya kwanza, au kijana wa boti aliyeazimwa kamera kwa dakika kumi, akiipata, ameongeza samaki mmoja kwenye kumbukumbu ya dunia, na samaki huyo akionekana tena pengine baada ya miaka atajulikana ni yule yule. Picha za mashindano zina madaraja na majaji. Hizi zina swali moja: inaonekana au haionekani?

Picha za wifi zilionekana. Afisa wa kilimo aliziangalia kwenye kompyuta, akaomba nakala, akauliza kamba ile iko upande gani wa shamba na kina gani. Wifi akajibu yote. Kotonii yake haikupona; alihamishia mbegu nyingine sehemu yenye maji zaidi wakati wa kupwa, na hiyo ni kazi ngumu kwa wanawake ambao wengi wao hawajui kuogelea.

Kwa anayeniuliza kama anunue, jibu langu ni hili. Ikiwa ni kwa ajili ya harusi za usiku, atafute nyingine. Ikiwa ni ya kumwonyesha mtu kwamba naye anayo, fedha yake itamfaa zaidi kwenye simu. Lakini mwenye ndugu pwani, ziwani, mashambani au kwenye ujenzi, na ambaye yuko tayari kukaa miezi bila kujua kamera yake imelala nyumba gani, anunue. Anunue na kadi mbili, atenge fedha ya kubadilishiwa mpira, na asisahau kamba ya boya ya kufunga mkononi, kwa sababu kamera hii, pamoja na ugumu wake wote, haielei.